Petunia na wenzake kwenye joto la Dar: jinsi ya kupanda maua ya baridi kwenye vyungu na bustani

Mwaka juzi mwezi wa kwanza nilipanda basi kutoka Lushoto na boksi la miche kumi na mbili ya pansi, ua la baridi, mapajani, konda anataka niliweke kwenye buti mi nimegoma, nikafika Tabata usiku miche yote mizima. Nikaipanga barazani juu ya simenti, majirani wakaja mpaka kupiga picha. Siku ya tisa nilikuwa nafagia mabua makavu. Na maji sikuwanyima, nilikuwa namwagilia mpaka mara tatu kwa siku, kumbe hiyo nayo ilikuwa nusu ya kesi. (Pansi jamani, siyo panzi, ingawa panzi nao tutawafikia.)

Baada ya hapo nimeua miche mingine mingi tu, ila sa hizi kuanzia mwezi wa sita mpaka wa tisa mwishoni baraza langu lina petunia, alisamu, dayantasi, na pembeni ya ukuta nastashamu zinatambaa. Watu wakipita wananiuliza natumia dawa gani. Hakuna dawa. Nimeacha kubishana na mwezi wa pili, basi.

Wengi tukiona ua limekufa Dar tunalaumu jua. Jua lina makosa yake lakini muuaji mkubwa ni usiku. Mmea mchana unatengeneza sukari kwa mwanga, usiku unapumua na kuitumia ile sukari, na usiku ukiwa wa moto unapumua kwa kasi zaidi. Ni kama mtu analipwa kila jioni afu usiku kucha anazitumbua, asubuhi anaamka hana hata nauli. Maua yaliyozoea baridi yakiishiwa namna hiyo kila siku yanarefuka mabua, yanadondosha matumba kabla hayajafunguka, maua yanakuwa madogo madogo, mwisho mmea unachoka na ugonjwa wowote unaopita unaondoka nao. Sasa Februari usiku wa Dar unacheza kwenye digrii 25 hivi, wakati Julai unaweza kushuka mpaka 18 au 19. Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya bahari, na ukipanda mita 1,000 joto linapungua kama digrii 6, kwa hiyo zile pansi zangu nilizishusha digrii nane hivi kwa safari ya siku moja na nikazivua koti katikati ya kaskazi. Ongeza na unyevu wa hewa ya pwani, maana jani nalo linajipoza kwa kutoa maji, hewa ikishakuwa imejaa maji jani halipoi vizuri, kama sisi tu jasho linavyogoma kukauka kwenye daladala.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja mwenye kitalu barabara ya Bagamoyo. Nilimkuta mwezi wa kumi na mbili, shikamoo mzee, marahaba mwanangu, nikamwambia nataka pansi. Akaniangalia. "Mwanangu, unazitaka kwa ajili ya wiki moja au kwa ajili ya msimu?" Nikamwambia msimu. "Basi rudi kusi ikivuma. Kaskazi hii anayekuuzia pansi anakuuzia shada la msiba." Mtu wa biashara anakataa hela, nikajua hapa kuna ukweli.

Kwa hiyo kalenda yako iwe ya upepo. Kaskazi inaingia Novemba, Desemba na kukaa mpaka Machi, huo ndo wakati wa joto na hapo usijaribu ua lolote la baridi, hata ukipewa bure mpe mtu anayeenda Mbeya. Masika inashika Machi mpaka Mei, kusi inaanza kuvuma ndani ya masika, na mvua zikianza kukatika mwezi wa tano ndo unakuta asubuhi watu wameanza kuvaa masweta. Dirisha lako liko hapo, Juni mpaka Septemba, Oktoba tayari unahesabu siku. Ni miezi minne na kidogo tu na mmea unahitaji muda wa kukua kabla ya kuchanua, kwa hiyo inabidi uanze mapema wakati nje bado hapajapoa. Petunia toka mbegu mpaka ua la kwanza ni wiki 10 mpaka 12, yaani unasia Aprili chini ya paa ili Julai uanze kula matunda. Alisamu ina haraka, wiki 6 mpaka 8, ukisia Mei katikati inatosha. Nastashamu na kalendula nazo Mei, moja kwa moja ardhini. Pansi na snapidragoni ndo zina mlolongo, miezi mitatu na zaidi, na zinahitaji ubaridi hata kwenye kuota, kwa hiyo ushauri wangu hizo nunua miche, usijitese. Muulize muuzaji miche imetoka wapi. Kama imeshuka juzi kutoka Arusha au Lushoto usiipeleke juani siku hiyohiyo, ikae kivulini kama siku tano hivi, kila siku unaisogeza kidogo kuelekea mwanga.

Kitu kingine ambacho kilinipotosha muda mrefu ni video za Ulaya na Marekani. Wanasema weka chungu upande wa kusini wa nyumba upate jua. Kwao sawa, kwetu ni kinyume! Dar tuko kusini ya ikweta, kama digrii 7 hivi, kwa hiyo kuanzia Aprili mpaka Agosti jua linapita upande wa kaskazini na ukuta wa kusini ndo unakaa kivulini. Desemba linahamia kusini kidogo, na Machi mwanzoni na Oktoba kama tarehe 10 linakupitia utosini kabisa, mchana hata kivuli chako hukioni. Kwa maua haya mi napenda upande wa mashariki, yanapata jua la asubuhi mpaka saa tano hivi afu nyumba yenyewe inayafunika kabla ya lile jua la saa nane ambalo halina utu. Upande wa magharibi wenye ukuta uliopakwa rangi nyeupe na sakafu ya simenti ni jiko, simenti inakula joto mchana na kulitema mpaka saa nne usiku, na tumeshasema usiku ndo unaoua. Kama huna upande mwingine nunua neti ya kivuli ya asilimia 30 mpaka 50 uitundike juu kwa mteremko, isigusane na mimea. Mti nao unasaidia ila siyo kila mti. Mpapai kivuli chake ni chepesi, mwanga unapenya, wakati chini ya mwembe ni giza na mizizi yake itakunywa maji yote unayomwaga.

Sasa maua yenyewe, nianze na yale ninayoyaamini. Petunia ndo mvumilivu wa kundi hili, asili yake Amerika ya Kusini, joto la mchana analistahimili kiasi mradi mizizi imepoa. Kuna petunia za maua makubwa na za maua madogo mengi, chukua za madogo, zile kubwa mvua moja tu ya usiku zinakuwa kama tishu zilizolowa. Na zile za kutambaa zinazoning'inia, nyingine zinasubiri siku ndefu ndo zichanue, sasa huku siku haibadiliki hata saa nzima kati ya Juni na Desemba, kwa hiyo unaweza kukaa na majani mazuriii bila ua ukadhani umelogwa. Ukitaka za kutambaa nunua mche ambao tayari una ua. Alisamu ni maua madogo meupe yanayonukia asali, nzuri kwa kujaza ukingo wa chungu, ikichoka unaikata nusu kwa mkasi na inarudi. Dayantasi ngumu. Kalendula nzuri mpaka Septemba, afu inaanza kuugua ukungu mweupe wa majani. Nastashamu haitaki udongo wenye mbolea nyingi, ukiilisha sana inakupa majani tu, na hayo majani na maua yanalika, yana ukali kama wa haradali, mi natupia kwenye kachumbari. Lobelia ya bluu nimejaribu misimu miwili, inapendeza wiki sita afu joto likipanda kidogo tu inakaa kimya. Pansi ni za Juni mpaka Agosti, ukizidisha hapo ni kwa neema. Switipi nimeachana nazo kabisa, rafiki zangu wa Njombe wanitumie picha inatosha.

Halafu kuna impeshensi ambayo kila mtu anadhani ni ua la wazungu. Ua hili ni la kwetu hukuhuku Afrika Mashariki! Jina lake la kitaalamu, Impatiens walleriana, limetokana na Horace Waller, mmisionari Mwingereza wa karne ya 19, lakini ua lilikuwa linaota lenyewe kwenye vivuli vyenye unyevu kabla hajazaliwa. Ulaya wanalipanda kama ua la msimu kwa sababu barafu ya kwao inaliua, huku linakaa mwaka na zaidi. Halipendi jua kali hata kidogo, saa sita ukilisahau juani unakuta limelala kama nguo iliyolowa. Kwangu liko nyuma, pale bomba la bafu la nje linapochuruzika, na hata Februari linachanua, kidogo lakini linachanua.

Kuhusu mbegu. Mbegu ya petunia ni vumbi, gramu moja ina kama mbegu 10,000, ukipiga chafya umepoteza msimu. Zile zilizovishwa ganda la udongo zinashikika vizuri ila bei juu. Changanya na mchanga mkavu mlaini afu nyunyiza kama chumvi. Mi natumia mikebe ya aiskrimu niliyoitoboa chini. Udongo wa kusia umwagie maji yanayochemka kwanza, uache upoe, kwa sababu kuna ugonjwa unaitwa kinyausi, miche imeota vizuri leo kesho shingo zimekatika zote usawa wa udongo, umelala tajiri umeamka masikini. Mbegu za petunia, alisamu na snapidragoni zinahitaji mwanga zikiota, usizifukie, bonyeza tu juu ya udongo kwa kiganja. Pansi yeye anataka giza na ubaridi, kama unang'ang'ania kuzisia basi fukia kidogo, funika kwa gazeti. Na mkebe uweke sehemu yenye ubaridi kuliko zote ndani ya nyumba. Kwangu ni sakafu ya bafuni, vigae vile havijawahi kupata moto, mume wangu alilalamika wiki mbili anaruka mikebe akienda kuoga ila ameshazoea. Zikishaota tu toa kifuniko na upeleke kwenye mwanga siku hiyohiyo, ukichelewa zinarefuka kama nyuzi. Maji weka kwenye beseni, mkebe unakaa ndani unanyonya kutoka chini.

Na angalia tarehe kwenye paketi. Niliwahi kununua Kariakoo paketi tatu ambazo duka limezitundika mlangoni, jua la mchana linazichoma kila siku, hata moja haikuota. Mbegu inataka pakavu na pabaridi, paketi iliyopauka rangi usinunue hata akupunguzie vipi.

Tuje kwenye chungu, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndo vita ipo. Ardhini mizizi ina pa kukimbilia, inashuka chini kwenye ubaridi. Kwenye chungu haina pa kwenda. Chungu cheusi cha plastiki kilichopigwa na jua, udongo wa upande ule unaweza kupita digrii 40 kirahisi, na mizizi ya maua haya inaanza kuumia kabla ya hapo. Mizizi ikishaiva mmea unanyauka hata kama udongo umelowa, we unaona amenyauka unaongeza maji, maji ya moto, mizizi inaoza. Hii ndo hadithi ya pansi zangu kumi na mbili.

Kumbuka mtungi wa maji kwa bibi, ule uliokaa kwenye kona na kata juu yake. Maji yalikuwa baridi bila friji kwa sababu udongo wa mtungi unavuja jasho na lile jasho likikauka linaondoka na joto. Chungu cha udongo wa kuchoma kinafanya hivohivo kwa mizizi, ndo maana siku hizi nanunua vya udongo tu, vile visivyopakwa rangi ya mafuta maana rangi inaziba vitundu. Ubaya wake vinakauka haraka, kwa hiyo utamwagilia zaidi. Chungu kiwe na upana wa sentimita 30 hivi na kina si chini ya 25, vile vikopo vidogo vya kupendeza vya mezani vinachemka na kukauka kabla hujarudi kazini. Kama una vya plastiki usitupe, vipake chokaa nyeupe nje, au chukua chungu kidogo ukitumbukize ndani ya kikubwa na katikati ujaze makumbi ya nazi yaliyolowa, unamwagia yale makumbi kila asubuhi. Afu usiweke chungu chochote moja kwa moja kwenye simenti, kiinue kwa matofali mawili hewa ipite chini. Na visogeze karibu karibu, vikubwa nje vidogo katikati, vinakingana jua.

Udongo wa chungu, mi nachanganya makarai mawili ya udongo mweusi, karai moja la samadi iliyooza kabisa mpaka hainuki, karai moja la makumbi yaliyochambuliwa, na konzi kadhaa za pumba za mpunga. Makumbi yaloweke na kuyasuuza mara mbili tatu, yana chumvi. Mchanga wa ufukweni usiuguse, ukihitaji mchanga chukua ule wa mto wanaojengea. Samadi ya kuku mbichi ni moto, itaunguza. Wa Msasani, Masaki na baadhi ya sehemu za Kigamboni mna udongo wa matumbawe, una chokaa nyingi, petunia na pansi kwenye udongo huo majani machanga yanakuwa njano huku mishipa imebaki kijani. Watu wanakimbilia mbolea ya urea. Hapo mmea una njaa ya chuma, chokaa imekifunga, dawa ni mboji nyingi na mbolea ya kupulizia kwenye majani yenye madini ya chuma, au kwa kifupi panda kwenye chungu chenye udongo wa kuletwa.

Maji. Mwagilia asubuhi, saa kumi na mbili mpaka saa moja, mpaka yatoke kwenye tundu la chini, afu acha. Kesho ingiza kidole mpaka pingili ya pili, kukiwa na unyevu ondoka. Saa nane mchana petunia inaweza kulegea majani ukadhani inakufa, subiri jioni, ikisimama yenyewe ilikuwa inajikinga tu na joto. Ila asubuhi ukiikuta bado imelala, hapo kuna shida kweli, ama kiu ama mizizi, kidole kitakuambia ni ipi. Ukilazimika kumwagilia mchana acha kwanza mpira utoe yale maji yaliyolala juani, yanaweza kuwa ya kuoga mtoto mchanga, na lile tenki jeusi la kwenye paa saa tisa ni chai. Majani usiyalowanishe jioni, ukungu unapenda.

Halafu chumvi. Wengi tunatumia maji ya kisima na visima vingi vya mjini huku vina chumvi, utaona utando mweupe kwenye ukingo wa chungu. Maua haya hayapendi. Mi navuna mvua ya masika kwenye mapipa, yakiisha nakinga maji ya kiyoyozi, kile kibomba kinachodondosha nje weka dumu chini yake, jioni una lita kadhaa za maji yasiyo na chumvi hata chembe. Kama una kisima tu basi mara moja kwa wiki mbili mwagilia kwa wingi sana ili chumvi isukumwe itoke chini. Na visahani vya chini ya vyungu mwaga maji kila siku, mbu wa dengue wanazaliana humo humo, 2014 na 2019 mji huu ulishaona, usifuge maradhi kwa sababu ya ua.

Kwenye bustani ya chini ni rahisi kidogo. Inua tuta sentimita 15 mpaka 20 ili mvua za mwisho za masika zisizamishe miche, changanya samadi na mboji, hasa kama uko Mbweni au Mbezi Beach kwenye mchanga mtupu maana pale maji yanapita kama kwenye chujio. Petunia zipe nafasi sentimita 25 mpaka 30, alisamu na pansi 15 mpaka 20, usibane ili ionekane imejaa, hewa isipopita unakaribisha ukungu. Panda jioni. Matandazo ni lazima, makumbi au majani makavu unene wa vidole vitatu hivi, yasiguse shina. Mchana chomeka mkono chini ya matandazo afu chomeka pasipo na matandazo, utaelewa mwenyewe. Mpaka hapo kuku wa jirani atakuwa ameshaona. Nilichomeka vijiti vya miiba ya limao katikati ya miche, kuku na mwenye kuku wote wakaelewa bila kugombana.

Mbolea iwe kidogo. Kijiko cha chai cha NPK ya kuyeyusha kwenye ndoo ya lita 10, kila wiki mbili, udongo ukiwa tayari umelowa. Joto likipanda acha kabisa, kulisha mmea uliochoka ni kama kumlazimisha mgonjwa ale pilau. Kilicho muhimu kuliko mbolea ni mkasi. Mche wa petunia ukifika sentimita 10 kata ncha, inauma lakini utatoa matawi manne badala ya moja. Na kila ua linalosinyaa likate pamoja na kifuko chake cha chini, ukiacha libebe mbegu mmea unajua kazi imeisha. Mi nafanya jioni nikiongea na simu, dakika kumi tu.

Wadudu. Masika ni konokono wale wakubwa, toka usiku na tochi uwaokote, hakuna njia ya kistaarabu zaidi. Vidukari kwenye ncha changa, maji yenye sabuni kidogo ya kuoshea vyombo, jaribu kwenye tawi moja kwanza usubiri kesho. Hali ya hewa ikiwa kavu majani yakaanza kupauka vidoti vidoti na utando mwembamba chini, huyo ni utitiri mwekundu, anachukia maji, pulizia chini ya majani kila asubuhi siku tano mfululizo. Mafuta ya mwarobaini yanasaidia, pulizia jua likizama la sivyo majani yataungua. Panzi ni wachache, watoe kwa mkono ukiweza kuwashika.

Oktoba ikifika utaona dalili, petunia zinarefuka, katikati zinakuwa uchi, maua yanabaki nchani. Unaweza kuzikata theluthi moja na kuzisogeza kivulini ukapata wiki tatu nne za nyongeza, mara nyingi mi nafanya hivyo. Novemba nazing'oa zote bila huruma. Hapo ndo nafasi ya watoto wa joto: vinka, ambayo kwao ni Madagaska na hili joto letu kwake ni nyumbani, portulaka, selosia, gomfrena, zinia. Vinka tu angalia usiimwagilie kupita kiasi, inaoza shina. Mwezi wa kwanza mwenye vinka anakunywa chai barazani wakati mwenye pansi anafagia.

Udongo wa vyungu vilivyougua usiumwage. Ukusanye mahali pamoja Januari, ulowanishe, ufunike na nailoni angavu, kingo uzifukie zisitoe hewa, uache wiki sita kwenye lile jua tunalolilalamikia. Linapika vimelea karibu vyote vya kinyausi. Mbegu za nastashamu na kalendula nakusanya zikikauka kwenye mmea, naziweka kwenye kichupa kikavu ndani ya friji, zinaota mwaka unaofuata bila shida. Za petunia chotara usihangaike nazo, utapata rangi ambazo hukuziomba, ingawa mwaka jana moja ilijiotea yenyewe kwenye ufa wa simenti pale nilipozika zile pansi, zambarau mpauko hivi, nikaiacha.